Betri za Mashine ya Baba

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba. Mume alikuwa fundi kereza. Mke alipokea wateja na kupima kazi. Mashine ya kukereza vyuma waliachiwa na marehemu baba yake mke. Ilikuwa kuukuu, lakini ilikuwa na kompyuta. Kwa miaka mingi mzee aliingiza humo maelekezo ya vipuri arobaini. Ukichagua namba, mashine inakata yenyewe.

Mwezi mzima kioo cha kompyuta hiyo kiliandika: betri dhaifu.

"Nitabadilisha kesho," mume alisema. Kesho zake hazikuisha.

Siku moja akajitia bidii. Alizima umeme, akatoa betri, akazitia mfukoni, akaenda nazo dukani apewe za aina ileile. Aliporudi, akaweka mpya na kuwasha. Kioo kilikuwa kitupu.

Akamwita jirani yao, mwanamke fundi umeme.

"Kadi ya kompyuta imekufa, dada. Ninunue nyingine?"

"Ngoja kwanza, shemeji. Betri ulizitoa mashine ikiwa imezimwa?"

"Ndiyo. Niliogopa shoti."

"Hapo ndipo ulipokosea. Umeme ukizimwa, betri ndizo zinazotunza kumbukumbu. Mashine hii hubadilishwa betri ikiwa imewashwa. Ndiyo maana kisanduku chake kiko nje, mbali na nyaya kubwa. Soma kitabu cha mashine kwanza, au niite. Kadi yako ni nzima, kumbukumbu ndiyo iliyofutika."

Ndani ya mlango wa kabati la umeme la mashine, mume alikuta karatasi ya kiwandani yenye vipimo vya mashine. Alikesha siku mbili akiviingiza, mashine ikatembea.

"Na zile kazi arobaini alizoingiza baba?" mke aliuliza.

"Ziliandikwa mahali popote?" mume aliuliza.

Hazikuandikwa popote. Mke alilia waziwazi.

"Nisamehe, mke wangu. Ni uzembe wangu."

"Hata mimi nilikiona kile kioo, nikanyamaza."

Sasa wanabadilisha betri kila mwaka, mashine ikiwa imewashwa. Kila kazi wanainakili kwenye daftari. Wateja waliokuwa wamekwenda kwingine wamerudi.

Juzi walikuwa wakiandika upya maelekezo ya bushi ya pampu, kimojawapo cha vile vipuri arobaini. Mke alisikiliza chuma kikikatwa, akainua mkono.

"Hapo mwishoni baba alikuwa anapunguza mwendo."

Mume akashika kalamu. "Kwa kiasi gani?"

"Sijui," mke alisema. "Sikuwahi kumuuliza."