Taa za Saa Sita Mchana

Rafiki yangu Mukhisa hanywi pombe, na haya alinieleza kama mtu anayesoma risiti. Mwaka wa 2006 alitoka Kitale peke yake kumpelekea mamake mbegu za mahindi Bungoma. Gari lake kuukuu lilikuwa la taa za kujiwasha giza likiingia. Karibu na Kamukuywa, saa sita mchana, jua kali, alama ya taa ikawaka kwenye dashibodi. Akazizima, zikajiwasha tena. Akaendesha tu.

Kwetu taa mchana ni msafara wa maiti. Watu walishuka baiskeli, wakavua kofia. Alipopita hawakuzivaa. Waliendelea kutazama nyuma yake, na kwenye kioo barabara ilikuwa tupu.

Mamake alimpokea langoni, akachungulia barabarani.

“Mbona umewaacha wenzako huko nje? Si uwaambie wazime taa, waingie.”