Upande wa Pili wa Barabara

Siku ya mnada, soko la mifugo la Garissa halina adabu. Ng'ombe wanapiga kelele, madalali wanapiga kelele kuwashinda ng'ombe, na vumbi halimchagui tajiri wala maskini. Katikati ya fujo hiyo alisimama Barwaqo, hijabu ya rangi ya zambarau ikimfika magotini, raba zake nyeupe zimeshageuka kahawia, kamera shingoni. Alikuwa amempata ngamia jike mwenye kope ndefu za kuringia. Akainua kamera, akafumba jicho moja, na mkono wa mtu ukaingia mbele ya lenzi.

"Sema mashallah kwanza, abaayo, dada yangu," alisema mwenye mkono.

"Nitasema nikimaliza."

"Ukimaliza atakuwa ameshapatwa na kijicho. Huyu nimemtoa Griftu. Akiugua leo nitamuuzia nani?"

Barwaqo hakuwa msichana wa kupangiwa maneno na mtu. Lakini huyu alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, kikoi cha bluu, kofia ya kufumwa, na uso wa mtu anayejizuia kucheka. Akasema mashallah, akapiga picha. Alipoishusha kamera akamkuta bado amesimama pale pale, ngamia naye bado yupo, na wote wawili wanamtazama yeye.

Jina lake Yahye. Alikuwa akinunua ngamia Griftu, akiwauza Garissa, na katikati ya safari hizo aliujua mji huu uchochoro kwa uchochoro. Barwaqo alipomwambia kwamba siku zisizo na harusi yeye huutembea mji kwa miguu akiupiga picha, Yahye alisema yuko tayari kumwonyesha pasipojulikana. Tatizo lilikuwa moja. Msichana wa watu akitembea bega kwa bega na mwanamume asiye ndugu yake, kabla ya Alasiri mjomba wake kule Bulla Iftin atakuwa ameshaijua hata rangi ya viatu vya huyo mwanamume. Basi wakatembea kwa namna yao. Yeye upande huu wa barabara, simu imechomekwa ndani ya hijabu sikioni, na Yahye upande wa pili, simu mkononi, kila mmoja na safari zake, ukiwatazama.

"Tazama juu ya mlingoti," Yahye alisema. "Korongo wamekaa kama kamati ya wazee."

"Nimewaona. Na wewe tembea, watu wataona umesimama bure."

"Sijasimama bure. Natazama kitu."

"Kitu gani?"

"Raba chafu."

Hivyo ndivyo walivyoumaliza mji, kutoka soko la Suuq Mugdi lenye giza la maturubai hadi kwenye mikokoteni ya punda inayopanda na maji ya mto Tana. Na hivyo ndivyo Barwaqo alivyompenda, nami sioni haya kulisema, maana yeye mwenyewe alishajiambia. Alimpenda yule mtu wa ng'ambo ya barabara mpaka simu ikizima chaji alihisi amenyang'anywa tonge mdomoni.

Sasa sikiliza ilivyoharibika.

Kazi iliyomlisha Barwaqo ilikuwa harusi, na tena upande wa wanawake. Upande huo una sheria moja isiyo na msamaha. Simu zote zinaachwa mlangoni ndani ya beseni, ndipo wanawake wanavua hijabu, wanaachia nywele, wanacheza mpaka jasho. Kamera inayoingia ni moja tu, ya mwanamke aliyeapa. Mjini hapa kamera hiyo mara nyingi ilikuwa ya Barwaqo. Picha moja tu ikifika machoni mwa mwanamume, hakuna mama atakayemfungulia mlango tena, na jina lake litaliwa kila penye birika la chai. Ndiyo maana kadi ya kamera yenye picha za harusi ilikaa kwenye kibati chekundu, na ile ya picha za mji kwenye kibati cheusi.

Yahye aliomba picha ya yule ngamia wa kope. Alikuwa ameshamuuza, na mama yake, aliyekaa naye hapa Garissa, alimlilia ngamia huyo kama mtoto, kwa hiyo alitaka kuisafisha picha amtundikie mama ukutani. Barwaqo aliacha kibati cheusi dukani kwa binamu yake Ilwad, Yahye akakichukua.

Siku chache baadaye Barwaqo alikuwa sebuleni kwa Saynab, mama yake Lul, yule bibi harusi wa juzijuzi. Mashangazi wamejaa kwenye mazulia, ubani unafuka, kila mtu anataka kumwona bibi harusi. Akachomeka kadi kwenye kompyuta. Picha ya kwanza ikatokea, ngamia. Ya pili, ngamia yule yule kwa upande.

Shangazi mmoja alicheka. Saynab hakucheka.

"Lul wangu yuko wapi?"

"Eddo, shangazi yangu, nimekosea kadi. Ile ya harusi iko nyumbani." Uongo ulimtoka kabla hajaupima.

Saynab alimrudishia kadi. "Niletee kesho baada ya Adhuhuri. Na kama iko mikononi mwa mwanamume, Barwaqo, usihangaike kuja. Nitakuja mimi."

Barwaqo alitoka pale. Alijua ilivyokuwa. Usiku ule wa harusi alirudi amechoka hajiwezi, akaziweka kadi mbili zinazofanana kila moja kwenye kibati cha mwenzake. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amempa mwanamume nywele na mikono ya nusu ya wanawake wa Garissa. Akampigia Yahye. Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Akapiga tena, mteja ni yule yule. Ilwad aliposikia alishika kichwa, akasema Yahye amepanda lori kwenda Griftu na hakusema anarudi lini.

Akaenda kwa miguu mpaka kwa Daud, fundi wa kusafisha picha karibu na Suuq Mugdi. Jua lilikuwa limewaka, na kamera ilining'inia shingoni bila kuinuliwa hata mara moja. Daud alimkumbuka Yahye vizuri. Alikuja na kadi, akakaa kwenye kompyuta peke yake, Daud yuko nyuma anakata karatasi. Mara akasikia kiti kinaanguka. Alipotoka akakuta skrini imefunikwa kofia, Yahye anachomoa kadi, na amemkataza asisogee. Kisha akatoka juani kichwa wazi kama mtu aliyefukuzwa.

"Kofia yake hii hapa," Daud alisema. "Ukimwona mpe."

Barwaqo aliitia mkobani bila kuitazama. Mtu hafuniki asichokiona, alijiambia. Ameona, na aliyeona atasimulia. Wanaume wana baraza zao.

Ilipofika Alasiri simu ikaita, nambari ngeni, sauti inakuja na kuondoka.

"Barwaqo, niko Griftu. Simu yangu imezima, hii ni ya kuazima."

"Kadi iko wapi?"

"Iko kwa mtu wa kuaminika."

"Umempa mtu?"

"Nisikilize kwanza, roho yangu…"

"Usiniite roho yako. Uliona, hukuona?"

Sauti ikapotea, ikarudi.

"Niliona," Yahye alisema. Ndipo simu ikakatika kabisa.

Barwaqo hakula siku hiyo. Alimchukia Yahye, na kilichomuuma zaidi ni kwamba katikati ya kumchukia alijikuta anangoja apige tena. Kulipopambazuka alikuwa ameamua. Ataenda kwa Saynab amwambie ukweli wote kabla ya Adhuhuri, Saynab amfanye atakalo. Afadhali aibu ya kujipeleka kuliko ya kufuatwa.

Alikuwa ameshakaribia nyumba hiyo simu ilipoita.

"Niko upande wa pili," Yahye alisema. "Ilwad ameniambia ulikoelekea."

Kweli, alikuwa ng'ambo ya barabara, vumbi la lori limemjaa nyusi, shati halijaona pasi, kichwa wazi. Pembeni yake alisimama mama mzee mfupi aliyejitanda mtandio wa maua.

"Usivuke," Barwaqo alisema. "Ukivuka napiga yowe."

"Sivuki. Anayevuka ni mama."

Mama akavuka, polepole, akisimamisha mkokoteni wa punda kwa kiganja kimoja. Alipofika akamsalimia Barwaqo vizuri, akaishika pembe ya mtandio wake, akalifungua fundo kwa meno. Ndani ya fundo ilikuwamo kadi.

"Mwanangu alinikabidhi kabla hajaondoka," alisema. "Akaniambia hata yeye mwenyewe akiniomba nisimpe. Nimelala nayo, nimeswali nayo. Kitu chenyewe sikijui, nilidhani ni dawa."

Barwaqo aliifumbata kadi kiganjani. Simu ilikuwa bado sikioni.

"Uliona nini, Yahye?"

"Picha moja, ile ya mwanzo." Aliinamisha uso ng'ambo ya barabara. "Ni wewe. Uko mbele ya kioo, umevaa gauni la dhahabu, kamera mkononi. Nywele zako zote. Nikafunika kwa kitu nilichokuwa nacho. Ya pili sikuifungua, wallahi."

Barwaqo akakumbuka. Kila harusi, kabla wageni hawajaja, hujipiga mwenyewe kwenye kioo kupima mwanga. Mkono ukashuka mkobani, ukaigusa kofia.

"Mbona hukuniambia siku ile ile?"

"Ningeanzaje? Nikupigie nikwambie nimekuona nywele? Nilikusudia kurudi niseme mbele ya wazee. Nimeona nisichokuwa na haki ya kukiona, Barwaqo. Nisamehe niende zangu, au niruhusu nitume wazee kwenu."

"Kwa sababu ya picha?"

"Kwa sababu ya raba chafu. Picha imeniharakisha tu."

Barwaqo alimwambia asubiri pale pale, akamshika mkono mama wa watu, wakaenda hadi kwa Saynab. Mama akabaki mlangoni kwa heshima, Barwaqo akaingia peke yake.

Alisema yote akiwa amesimama. Vibati viwili, uongo wa jana, mwanamume, kofia. Saynab akauliza swali moja tu.

"Aliona nani?"

"Mimi, eddo. Mimi peke yangu."

Saynab akaivuta kompyuta, akazipitia picha zote, moja baada ya nyingine. Lul alikuwamo, anacheka, mashangazi wanamzunguka. Alipomaliza akaifunga taratibu.

"Kilichoniudhi ni uongo, zaidi ya kadi. Harusi ya mdogo wake Lul nitatafuta mwingine, na watu wakiniuliza kwa nini nitawaambia. Nikisahau tutaonana." Barwaqo aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa adhabu kubwa kuliko hiyo, na bado iliuma. "Na huyo kijana, ana mama?"

"Yuko hapo mlangoni, eddo."

"Mlangoni? Mnamwacha mama wa watu juani? Mwingize apewe chai. Mtoto anayefunika skrini ana mtu aliyemlea."

Barwaqo alipotoka tena barabarani, wale mama wawili walikuwa wameshaanza kuulizana koo zao. Ng'ambo ya pili Yahye alikuwa bado amesimama, jua linamchoma utosini. Alitoa kofia mkobani, akaiinua aione.

"Umeona nywele zangu," alisema kwenye simu, "na mimi leo nimeona zako. Tumelingana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wazee wako waje. Na wewe vuka."

"Watu wanatazama, Barwaqo."

"Watazame." Akaishusha simu, akainua kamera, akafumba jicho moja, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa sauti mbele ya barabara nzima. "Ila sema mashallah kwanza."

Yahye alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza maji, akavuka.