Je, Mtoa Maelezo Anaaminika?

Saa kumi na mbili jioni ilimkuta yule mwanafunzi wa udaktari bado yuko wodi ya magonjwa ya akili, faili magotini, maji yamemfika shingoni. Kesho asubuhi alitakiwa kumweleza Profesa historia ya mgonjwa wake, mwanzo hadi mwisho, na sehemu moja ya fomu ilikuwa tupu, ile ya ndugu. Jina la mtoa maelezo. Uhusiano na mgonjwa. Je, anaaminika? Profesa mwenyewe hakuwa mtu wa mchezo. Fomu yenye pengo aliirudisha, na mwenye fomu akarudia mwaka.

Mgonjwa alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, kitanda cha tisa. Siku ya nne hiyo hajafungua kinywa. Ndugu hajaonekana hata wa kusingiziwa.

"Mama, nisaidie japo neno moja," mwanafunzi alibembeleza.

Vidole vya fundi vilikuwa vinakunja ncha ya shuka, vinakunjua, vinakunja.

Ndipo ikaja harufu. Ya kitambaa kilichounguzwa na pasi...

"Huyo hasemi na mtu. Niulize mimi, ni dada yake."

Mwanamke alikuwa ameketi miguuni pa kitanda. Gauni lake lilikuwa jipya, limemkaa vizuri, ila upindo haujashonwa, pini bado zimo. Mwanafunzi hakumwona akiingia. Lakini kwa furaha aliyokuwa nayo, angemkaribisha hata aliyepitia dirishani.

"Ugonjwa ulianzaje, dada?"

"Aliacha kuitika. Zamani nikimwita jina lake la nyumbani, anakuja. Siku hizi anaziba masikio."

Akaandika: Anaziba masikio. Anasikia sauti.

Fundi akamshika mwanafunzi koti. Akamkazia macho, akatikisa kichwa, akatikisa tena. Mwanafunzi akaliandika hilo nalo: Ana wasiwasi mwingi.

"Kesho nitamchukua," mwanamke alisema. "Andika."

Akaandika. Penye jina na uhusiano akajaza Dada tu; penye Je, anaaminika? akaweka alama kwenye Ndiyo.

"Ahsante, dada. Umeniokoa kweli."

"Na wewe, mdogo wangu, nyumbani wanakuitaje?"

Swali la kirafiki tu. Mwanafunzi alicheka, akagusa alama nyeusi ya kuzaliwa kidevuni.

"Kidoti. Mama tu ndiye ananiita hivyo."

"Kidoti," mwanamke alirudia polepole. "Jina jepesi kuita."

Mwanafunzi akakusanya karatasi zake, akaenda mlangoni. Hapo alikaa muuguzi mkuu ambaye wanafunzi walimwita Sista Kufuli, kwa ule mzigo wa funguo kiunoni.

"Sista, nifungulie. Na dada yake mgonjwa wa tisa naye anatoka sasa hivi."

"Dada yupi?"

"Si yule aliyeingia jioni hii?"

"Mwanangu, mlango huu niliufunga saa kumi na moja, wageni walipotoka. Funguo hizi hapa. Hajaingia hata nzi."

Mwanafunzi aligeuka.

Kitanda cha tisa kilikuwa na mtu mmoja.

Akarudi mbio. Miguuni pa kitanda, juu ya shuka, palikuwa na pini. Akaiokota.

Ilikuwa ya moto.

"Umemwambia?" fundi alinong'ona. Sauti yake, isiyotumika siku nne, ilikwaruza. "Umemwambia jina?"

"Mama... kumbe unasema?"

"Alikuja kupima gauni. Akaniuliza nyumbani wananiitaje, nikamwambia. Mteja, utamnyima nini? Kesho yake akaanza kuniita. Kwa sauti ya marehemu mume wangu."

"Na ukiitika?"

"Jirani yangu wa kibandani naye aliitwa, akaitika. Alitoka nje na uzi mkononi, hatujamwona mpaka leo." Fundi alirudia kukunja shuka. "Ndiyo maana nilifunga kinywa, nisije nikajisahau. Akikuita usiitike. Hata akiwa mama yako."

"Na wewe bado anakuita?"

Fundi akasikiliza kwa muda mrefu. Halafu akaanza kulia.

"Sasa hivi ameacha. Nisamehe, mwanangu."

Asubuhi fundi alikuwa amekaa kitandani anakunywa chai na kuuliza bei ya nyuzi. Profesa alifurahi. Aliisoma fomu yote pale pale wodini, mbele ya wanafunzi wanane, akaisifu.

"Kazi safi. Huyu dada yuko wapi, aje amchukue ndugu yake?"

Ilitosha kusema yuko njiani. Angefaulu mwaka, na mambo yangeishia hapo. Lakini mwanafunzi akamfikiria fundi akikabidhiwa kwa mtu huyo, kwa maandishi yake. Akachukua kalamu, akaikata ile Ndiyo.

"Hakuna dada, Profesa. Nimekosea."

Wenzake wakachekea viganjani.

"Basi ulizungumza na nani?"

Alifungua kinywa ajibu. Kutoka koridoni, nyuma ya mlango uliofungwa...

"Kidoti!"

Ilikuwa sauti ya mama yake kabisa, ile ya kuitia chakula. Mikono ilipanda yenyewe masikioni. Hakuna mwingine aliyegeuka.

Profesa akavua miwani. Akauliza kwa upole, na upole huo ndio uliomwogopesha zaidi:

"Binti, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

Swali hilo yeye mwenyewe alikuwa amewauliza wagonjwa wiki nzima. Alijua jibu lake linaandikwa wapi.

"Hapana, Profesa."

Profesa aliitazama ile mikono, bado iko masikioni. Kwenye kitanda cha tisa fundi aliinamisha kichwa juu ya kikombe chake.

Jumapili mchana simu ya mwanafunzi iliita bwenini. Mama, kama kila Jumapili.

"Kidoti?"

Akanyamaza.

"Kidoti, mbona husemi? Nimelazwa tangu jana, mwanangu. Wanataka kunipasua. Nataka tu kukusikia... Itika basi."

Akanusa hewa. Kulikuwa na harufu ya nguo iliyoungua. Pengine chumba cha pili mtu alikuwa anapiga pasi. Pengine.

Akaziba kinywa kwa mkono, machozi yakipita katikati ya vidole, akamsikiliza mama yake akilia mpaka simu ikakatika.