Bibi Harusi Aliyeambiwa Arudie

Haya yalitokea nyumbani kwa mama mkubwa, mchana kweupe, na mimi nilikuwepo. Si habari za kusimuliwa.

Binti yake tulimwita Kipusa. Jina la utani alilopewa na shangazi zake tangu anatambaa, likamganda. Alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa, na hapo ndipo alipokutana na fundi friji aliyeitwa kutengeneza jokofu la duka. Ajabu ni kwamba tangu siku ile jokofu likawa linaharibika kila wiki. Mwenye duka alipokuja kushtuka, mahari ilikuwa imeshazungumzwa.

Mama mkubwa alikuwa mjane, mshonaji wa nguo, na Kipusa ndiye mtoto wake wa pekee. Kwenye harusi alikubali kubana kila kitu isipokuwa video.

"Picha za simu kila mtu anazo," alisema huku ameuma uzi. "Mimi nataka mtu anayeijua kazi. Siku nikimkumbuka mwanangu, niwashe tu runinga nimwone."

Basi tukatafuta mtu wa video. Kipusa aliona kazi za mmoja kwenye simu ya rafiki yake, akampigia, wakaelewana kila kitu kwa simu: aanzie nyumbani asubuhi, kisha aende nasi ukumbini. Sura yake hakuna aliyeijua.

Siku ya harusi nyumba ilijaa harufu ya pasi ya moto na manukato. Cherehani ilisukumwa pembeni na kufunikwa shuka ili sebule ipate nafasi. Mimi nilikuwa nanyoosha shela. Nilipoinua macho nikamwona mwanamume amesimama katikati ya sebule, shati la kijivu limefungwa vifungo hadi shingoni, kamera begani.

"Mimi wa video," alisema kwa sauti ndogo.

"Karibu baba, umewahi kweli," akajibu mama mkubwa.

Soda alikataa. Kiti alikataa. Jicho halikubanduka kwenye kamera hata kidogo. Leo nikijaribu kuukumbuka uso wake, naiona kamera tu.

Gauni lililotundikwa hakulipiga picha. Shangazi, aliyekuwa amejipanga kwenye kochi muda mrefu na kilemba chake kipya, mtu yule hakumtazama. Alichotaka ni kimoja: Kipusa atoke chumbani, amkumbatie mama yake, amuage, avuke mlango.

Kipusa alipomaliza kuvaa akatoka. Akamkumbatia mama yake, midomo yake nyekundu ikamgusa shavuni.

"Mama, naenda. Usilie."

"Nenda, mwanangu."

Sote tulilia. Hata shangazi, na kilemba chake.

"Rudia," akasema yule mtu.

Kipusa akacheka kidogo, akarudi chumbani, akatoka tena. Akakumbatia, akaaga, akavuka.

"Rudia."

"Huyu anatutengenezea sinema," shangazi akasema. "Machozi ya bibi harusi yataisha kabla hatujafika ukumbini!"

Tukacheka. Akarudia. Akarudia tena. Na kweli, machozi yakaisha. Mara ya mwisho Kipusa alitoka chumbani uso wake laini kama sahani iliyooshwa, akasema maneno yale kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Mwanamume akaishusha kamera.

"Nimekupata," akamwambia.

Akatoka. Nikaona si vizuri aondoke tumbo tupu, nikamfuata na sahani ya chakula. Barazani hapakuwa na mtu. Komeo la geti lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Bado nimesimama na sahani yangu, geti likagongwa. Nikafungua. Alikuwa jamaa mnene, jasho linamtiririka, mabegi mabegani.

"Samahani sana dada, nimepata pancha njiani. Mimi wa video."

Kipusa alikuwa amenifuata hadi mlangoni. Akachukua simu yake, akaipiga ile namba waliyokuwa wakizungumza siku zote. Ikaita mfukoni mwa yule mnene.

Gari lilikuwa linapiga honi barabarani. "Labda wa kwanza aliletwa na upande wa bwana harusi," shangazi akasema, na sisi tukashikilia hapohapo. Ukumbini nikamuuliza shemeji, bwana harusi mwenyewe. Akatikisa kichwa.

"Mimi niliitafuta keki tu, shemeji. Video si mliitafuta nyinyi?"

Wiki chache baadaye yule mpiga video mnene alinipigia simu. Aliniomba nifike studio kwake, tena niende peke yangu. Akanikalisha mbele ya kompyuta, akanivisha visikilizio masikioni.

Ilikuwa sehemu ya kiapo. Siku ile nilikuwa msimamizi wa bibi harusi, nimesimama nyuma yake, na kwa masikio yangu nilimsikia akisema, "Nimekubali." Kwenye video midomo yake ilifunguka, ikatoka sauti yake:

"Mama, naenda. Usilie."

Akasogeza mbele. Kukata keki. Wageni wanashangilia, Kipusa anamgeukia mumewe na kumnong'oneza. "Mama, naenda. Usilie." Akasogeza tena. Anapokea zawadi, anatabasamu. "Mama, naenda."

"Wengine wote sauti zao ziko sawa," alisema mpiga video. Alikuwa ameketi mbali na kompyuta yake mwenyewe, mgongo umegusa ukuta. "Kazi yenu ichukueni, dada. Sitaki ilale humu."

Nikiwa njiani kurudi, mama mkubwa akapiga simu. Alikuwa na furaha.

"Mwenzio Kipusa haniachi," alisema. "Kila asubuhi anakuja kuniaga."

Nikamuuliza anamuaga aende wapi.

"Sijui. Anatokea chumbani kwake."

Nikampigia shemeji. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. Kipusa hakuwa ametoka nje tangu mwanzo wa wiki. Kila asubuhi anaamka, anachana nywele, anatembea kutoka chumbani hadi mlango wa nje. Anafungua mikono. Anaishusha. Anarudi chumbani, anaanza upya.

"Nikimshika ananiambia, 'Niache, bado haijakaa vizuri. Amesema nirudie,'" shemeji alisema. "Na kila akirudia anapungua. Shemeji, mke wangu anaisha nikimwangalia."

Hospitali walimpima kila kitu, wakamkuta mzima. Tukaleta mzee wa kumwombea. Alianza vizuri, kwa sauti ya juu, mkono juu ya kichwa cha Kipusa. Katikati ya maombi akasita.

"Nani amesimama nyuma yangu?" akauliza.

Hapakuwa na mtu. Mzee hakugeuka. Akachukua viatu vyake mkononi, akatoka pekupeku.

Ndipo nikaenda kwa mama mkubwa, niyaone mwenyewe.

Jua lilikuwa limeingia dirishani. Pazia la chumba cha Kipusa likasogea pembeni, kama lililosukumwa na bega. Hakutoka mtu. Mama mkubwa akainuka kutoka kwenye kochi, akafungua mikono. Mikono ile ikatua juu ya mgongo ambao sikuuona. Nguo yake ikabonyea kifuani.

"Mama, naenda. Usilie."

Niliisikia. Kama unavyosikia mtu wa chumba kimoja nawe.

"Nenda, mwanangu," mama mkubwa akajibu.

Nilimweleza yote. Video, mzee, Kipusa anavyopungua. Alinisikiliza akiwa ameketi mbele ya cherehani yake, anazungusha gurudumu taratibu bila kitambaa.

"Kumbe mimi ndiye ninayemruhusu," alisema mwishowe. "Basi kesho haendi."

Kesho yake niliketi naye, simu sikioni, shemeji upande wa pili.

"Ameamka," shemeji alinong'ona. "Anachana nywele."

Pazia likasogea.

"Anatembea. Amesimama mlangoni."

Mama mkubwa akafungua mikono. Akashika. Akakaza.

"Mama, naenda. Usilie."

"Huendi."

Akavuta mikono kwake.

"Huendi, mwanangu. Kaa na mama yako."

Mishipa ya mikono ilimtoka. Miguu ikateleza sakafuni kama mtu anayevutwa. Hakuachia.

"Analia!" shemeji akapiga kelele kwenye simu. "Ananiangalia! Ameniita jina langu!"

Kwa nyuma nikamsikia Kipusa. Kipusa mwenyewe, na kwikwi zake za utotoni. Nikaanza kucheka kwa furaha.

Kisha, kwenye kona penye cherehani, mtu akakohoa.

Kidogo. Kwa adabu.

"Mama," ikasema ile sauti ndogo. "Usiharibu."

Mama mkubwa akageuza kichwa. Alichokiona pale sikukiona mimi. Niliona uso wake tu. Nisingependa kuuona tena.

"Rudia."

Mikono yake ikafumbana ghafla. Ikampiga kifuani mwenyewe. Katikati hapakuwa na kitu.

Kwenye simu, kitu kikaanguka.

"Shemeji?" nikaita. "Shemeji?"

Nilisikia pumzi zake tu. Baadaye akasema, taratibu, kama anayemweleza mteja kasoro ya friji, kwamba Kipusa yuko chini, mguu mmoja ndani na mmoja nje ya mlango, na kwamba amemwita na haitiki.

Tulimzika. Shemeji aliichoma ile video nyuma ya karakana yake, akahama mji, na simu yangu hapokei tena. Simlaumu.

Mama mkubwa nilimchukua nikaja naye kwangu. Nyumba yake nimeifunga. Nilidhani ya kule yatabaki kule.

Kila asubuhi anaamka kabla yangu. Anasimama sebuleni kwangu, anaukabili mlango wangu, anafungua mikono. "Nenda, mwanangu," anasema. Anasikiliza. Anaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeelekezwa kipimo. Kisha anaanza upya. Nimemshika, nimemsihi, nimelia miguuni pake. Mwezi uliopita bado alikuwa anatokwa na machozi. Sasa hayatoki.

Mimi kazi yangu ni kumwosha uso anapomaliza na kumlisha uji. Na kila ninapomwosha, kwenye shavu la kushoto nakuta alama ya midomo. Nyekundu, ya rangi ya mdomo, midomo midogo ya mwanamke kijana. Nyumba hii tunaishi wawili tu, na hakuna kati yetu anayepaka.

Leo niliigusa kwa kidole kabla sijaifuta. Ilikuwa bado mbichi.