Nusu Mandazi kwa Machozi ya Mama

Maiti ya Moffat Mugo ilikuwa imelala chali sakafuni, kisogo kikiwa kwenye pembe ya rafu ya chuma. Macho yake, yaliyozoea kutoa hukumu juu ya kila kilichopita mbele yake, yalikuwa yametua darini na hayakuwa na neno tena la kusema. Nje, ukungu wa Julai ulikuwa umeufunika mji wa Nyeri hata mlima wenyewe ukawa kama haujawahi kuumbwa.

Inspekta Gakii alisimama kizingitini. Ndivyo alivyofunzwa katika chuo cha polisi cha Kiganjo, na ndivyo alivyowafunza waliomfuata: miguu isiingie mahali pa tukio kabla ya macho.

Kilikuwa chumba kimoja, ghorofani, juu ya duka la mbolea. Rafuni mlikuwa na spika kuukuu, santuri za filamu na vidhibiti vya michezo ya video vilivyofungwa kwa utepe. Mbele ya meza palikuwa na viti viwili, kimoja kimeanguka. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, na maziwa yamefanya utando juu yake.

Na palikuwa na kompyuta, wazi, picha ya filamu imesimama juu ya kioo chake. Mama mzee, kikapu cha majani chai mgongoni, alikuwa amesimama katika kijia akiitazama barabara isiyo na mtu.

"Usiiguse," Gakii alimwambia Sajini Muchiri. "Ipigwe picha hivyo ilivyo."

Daktari wa polisi aliinuka akivua glavu.

"Pigo moja la kisogo. Na kifuani pana michubuko miwili, kama ya viganja."

"Alisukumwa?"

"Alisukumwa, akaangukia ile pembe. Jana jioni. Hakukawia, maskini."

Aliyemkuta alikuwa Nduta, mfanyakazi wa Mugo, msichana aliyeuza vitu vya rafuni na kuwatilia wateja filamu katika flashi zao. Alikuwa ameketi dukani chini, juu ya gunia la mbolea, akijifuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Nilikuja kufungua, madam, nikapata mlango haijafungwa. Nikaita, 'Bosi!' Kimya. Nikadhani amelalia hiyo kazi yake."

"Kazi gani?"

"Si hiyo ya Bei ya Chai. Kwani wewe hujawahi kuiona kwa simu?"

Gakii alikuwa ameiona. Toka Nyeri hadi Nanyuki, nani hakuwa ameiona? Kila Ijumaa Mugo alijitokeza, kikombe mkononi, akazungumzia filamu, nyimbo na michezo ya video ambayo bei yake haizidi chai na mandazi. Alama zake zilikuwa mandazi pia. Kazi njema kabisa ilipata matano. Ulimi wake ulikuwa mtamu kwa asikiaye na mchungu kwa atajwaye. Mchezo mmoja wa mashindano ya magari aliusema kwamba gari lake linapinda kona kama ng'ombe aliyekataa josho, na watu wakacheka wiki nzima, naye Gakii akiwa miongoni mwao.

"Alikuwa na maadui?"

"Madam, chukua waimbaji wote wa Nyeri, ongeza wa Karatina." Nduta alicheka katikati ya kilio, kisha akaona haya. "Lakini Mwai ndiye alisema kwa redio atamvunja meno."

Mwai walimkuta Karatina, katika ukumbi mtupu wa hoteli, akifunga nyuzi za gitaa. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya wachunga ng'ombe wa Kizungu na sauti nyembamba isiyolingana na kiwiliwili chake.

"Ulisema utamvunja meno Moffat Mugo," alisema Gakii.

"Nilisema, afande. Na wiki ijayo nilikuwa niseme tena. Hiyo ilikuwa biashara."

"Biashara ya namna gani?"

"Aliniita mbuzi iliyomeza filimbi. Kabla ya hiyo, wimbo yangu ilikuwa inasikizwa na bibi yangu peke yake, na alikuwa anapunguza sauti. Baada ya hiyo, kila Jumamosi niko na harusi. Ati nimuue? Nikimuua nitakula nini?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Mukurwe-ini, kwa mchango wa harusi. Uliza kanisa yote. Waliniitisha ule wimbo wa mbuzi mara tatu." Kisha uso wake ukabadilika, kana kwamba habari ilikuwa imemfikia sasa hivi. Akavua kofia. "Kwa hivyo amekufa kweli? Nilikuwa nimemchagulia mbuzi. Mbuzi wa ukweli, sio wa maneno. Nilitaka nimpelekee Krismasi, tucheke."

Hawakuwa na zaidi la kumwuliza.

Waliporejea Nyeri, alama za vidole zilikuwa zimekwisha kuinuliwa. Kikombe kilichojaa kilikuwa na alama za marehemu. Kikombe kitupu na kitufe kimoja cha kompyuta vilikuwa na alama za mtu mwingine, asiyejulikana katika kumbukumbu za polisi. Gakii akamwita Nduta aione ile kompyuta.

Msichana aliinama, akakunja uso.

"Hii si bosi ameweka."

"Kwa nini?"

"Iko mwendo ya kawaida. Bosi alikuwa anaangalia kila kitu mbio, mara mbili. Filamu, nyimbo, hata mahubiri ya pasta wake. Alikuwa anasema akiziacha zitembee, atazeeka kabla Ijumaa ifike."

"Nani mwingine aliyelijua hilo?"

"Ilikuwa siri yetu. Lakini Ijumaa iliyopita alijisahau. Alijirekodi na laptopu iko nyuma yake inacheza. Watu wote wakaona vile waigizaji wanakimbia kama kuku. Wengi walicheka tu." Akakitupia kioo jicho. "Ilikuwa filamu hii hii. *Njia ya Kituoni*. Ya Gatimu wa Kangema. Bosi alishaiongelea zamani, mwezi wa tatu; siku hiyo alikuwa anapitia tu zile za zamani."

Gakii alijifungia ofisini pamoja na Muchiri. Kwanza waliitazama ile hukumu ya mwezi wa tatu. Mugo alitokea, mchangamfu, akipuliza chai.

"Ndugu zangu, huyu mama analia kama mtu anakimbilia basi! Machozi imeanza, imeisha, hata kamasi haijapata nafasi. Alilipwa kwa haraka ama nini? Nusu mandazi. Na hiyo nusu, nipewe mimi, nimechoka."

Kisha wakaitazama filamu yenyewe, kwa mwendo wake.

Haikuwa filamu ya fedha nyingi. Sauti ilikwaruza, na mahali fulani kivuli cha mpiga picha kilionekana ukutani. Lakini ilipofika karibu na mwisho, mama mzee akatokea katika kijia kitokacho kituo cha kununulia chai, kikapu kitupu mgongoni. Akasimama akiitazama barabara. Akasimama hata mtazamaji akaanza kuitazama naye. Kisha akakitua kikapu, taratibu, kama mtu atuaye kilichomchosha miaka mingi. Akakaa nyasini, akajifunika uso kwa viganja. Hakutoa sauti. Palikuwa na upepo tu ukipita juu ya majani chai, na mabega yake yakipanda na kushuka, na upepo, na mabega.

Muchiri alikuwa akitafuna karanga. Aliacha.

"Huyu hakuwa anaigiza, madam."

"Hakuwa," alisema Gakii. Alikumbuka kwamba naye mwezi wa tatu alicheka. "Basi niambie, Muchiri. Mtu aliyezoea kukimbiza kila kitu, jana alikalishwa kitini akaitazama filamu hii kwa mwendo wake. Ni nani angejali mwendo huo kiasi hicho?"

Kangema waliifikia kesho yake mchana, ukungu umeinuka, na vilima vya chai vikimeta kwa mvua ya asubuhi. Shamba la Gatimu lilikuwa limeachwa likapanda juu, halijachumwa muda mrefu. Yeye mwenyewe, kijana mrefu mwenye ndevu chache, alikuwa akimkatia ng'ombe majani. Aliwaona wakiteremka na hakukimbia.

"Nilikuwa nawangoja, afande," alisema. "Nipeni dakika nimfunge ng'ombe. Jirani atamkamua."

Alama zake za vidole zililingana na za kikombe kitupu.

Katika chumba cha mahojiano Gakii alimsomea haki zake polepole, na akamwuliza kama amezielewa.

"Nimeelewa."

"Huna lazima ya kusema neno."

"Nataka niseme. Imenikaa hapa." Akajigusa koo.

"Yule mama wa filamu ni nani?"

"Ni mama yangu. Wakonyo."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika mwezi wa tano."

Muchiri aliacha kuandika. Gatimu akaendelea, macho mezani.

"Ndugu yangu mkubwa, Mbogo, alitoka akatafute kazi nikiwa darasa la sita. Hakurudi. Hatujui kama yuko hai. Mama, kila siku akitoka kupima chai, alikuwa anasimama pale kwa njia, anaangalia barabara. Mimi sikumwambia alie, afande. Nilimwambia tu, 'Maitu, simama vile husimama.' Hiyo kulia ilikuja yenyewe. Nikaacha kamera iende."

"Kisha Mugo akaisema."

"Kituoni wakaanza kumwita Nusu Mandazi. Akifika na kikapu: 'Nusu Mandazi, leo umechuma kilo ngapi?' Alikuwa anacheka nao. Hakuwa mtu wa maneno. Lakini alipokuwa anaenda, hospitalini, aliniuliza kitu moja."

"Alikuuliza nini?"

"'Kwani nililia vibaya?'"

Koridoni mtu alikuwa akiburuta benchi.

"Nilimeza hiyo pia," alisema Gatimu. "Mtu ana haki akatae kazi yangu. Nikajiambia, ameiangalia, haikumfurahisha, basi. Ndiyo juzi nikaona ile laptopu nyuma yake. Nikaona mama yangu anakimbia. Anatupa kikapu, anaanguka, anainuka, kama katuni. Nikajua hakuwahi kumwona."

"Ukamwendea."

"Nilienda nimwambie tu. Alinipokea vizuri. Aliitisha chai. Akasema, 'Keti, boss, tuangalie pamoja. Kama nilikosea nitasema Ijumaa.' Nikaweka mwendo ya kawaida mimi mwenyewe. Mwanzo alikuwa anacheka, ati kivuli cha kamera kinaigiza kuliko watu. Mimi pia nikacheka kidogo. Halafu akanyamaza."

"Chai yake hakuinywa."

"Sikuona. Nilikuwa naangalia mama."

"Ikawaje?"

"Tukafika pale. Mama ameweka kikapu chini, amefunika uso, amelia kitambo. Nikaona Mugo anapeleka mkono kwa laptopu. Akabonyeza. Afande, hata na mimi nimekaa kando yake! Hata akijua ni mama yangu! Anaruka mbele! Nikamsukuma."

"Alisema neno?"

"Alisema, 'Ngoja.' Basi. 'Ngoja.'"

"Halafu?"

"Alianguka. Hakuamka. Nikabonyeza filamu isimame. Sikutaka mama aendelee kulia mbele ya maiti. Nikatoka."

Gakii alikuwa ameipokea kila kauli kama afisa apokeavyo, moja juu ya nyingine, na sasa moja ilikuwa imekataa kukaa mahali pake.

"Ulipobonyeza, ulikitazama kioo?"

"Hapana. Niliangalia kando."

"Alipopeleka mkono, una hakika kikapu kilikuwa chini?"

"Chini kabisa. Karibu imalizike hiyo sehemu."

Ndani ya faili mlikuwa na picha ya eneo la tukio. Gakii alikuwa na uwezo wa kulifunga faili hilo. Kesi ilikuwa imetimia: mtu, tendo, sababu. Shtaka lingekuwa la kuua bila kukusudia, na mahakama ingemwonea huruma mwana wa mama yule. Ghadhabu yake ndiyo fimbo pekee aliyobaki nayo ya kutembelea, na kumnyang'anya hakungemfufua mtu. Lakini yule aliyelala mochari hakuwa na shahidi mwingine chini ya mbingu ila picha hii, na Mwenyezi Mungu hakumpa Gakii kazi ya kuchagua ni haki ya nani ifichwe.

Akaiweka mezani.

Gatimu aliitazama. Mwanzo hakuona kitu ila mama yake, na uso wake ukalegea kama wa mtoto. Kisha kidole chake kikatembea juu ya karatasi, kikafika mgongoni pa yule mama mzee, kikakoma.

"Kikapu," alisema.

"Hivyo ndivyo tulivyoikuta. Hakuna aliyeigusa."

"Lakini alikuwa ameshaiweka chini. Hii ni kabla. Hii ni pale anafika." Akainua macho. "Angeruka mbele, ingekuwa imepita."

"Ndiyo."

"Alirudisha nyuma."

Gakii aliitikia kwa kichwa.

"Kwa nini arudishe nyuma? Alikuwa anatafuta nini?"

"Nadhani alitaka kumwona tena," alisema Gakii. "Tangu anapofika."

Gatimu aliisogeza picha karibu na kifua chake, kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Mimi ndiye sikuangalia, afande," alisema.

Kisha akajifunika uso kwa viganja viwili, na hakutoa sauti. Mabega yake yakapanda na kushuka. Muchiri alinyoosha mkono kuichukua kalamu ili amwekee karatasi ya kutia sahihi, na Inspekta Gakii akamzuia. Walikaa naye hivyo, wote wawili, hata alipomaliza mwenyewe.