Moyo Uliomsikiliza Lisette

Kila Lisette alipofungua kinywa, moyo wa panya uliongeza mbio.

Aliligundua hilo asubuhi moja, akijisemea peke yake katika maabara yake ndogo ya mtaa wa Kamenge. Moyo ulikuwa umetolewa kifuani na kutundikwa kwenye mrija wa kioo. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi na oksijeni yaliulisha, kipira kidogo ndani yake kikapima nguvu ya kila pigo, na skrini ikachora mstari. Masikio haukuwa nayo.

Akamwita Sumaya, msaidizi wake.

"Sema kitu."

"Niseme nini, madamu?"

Mstari haukubadilika. Lisette aliposema, "Basi," ukaruka.

Akatundika moyo mwingine. Ukafanya vilevile.

Tangu mume wake Valéry azikwe, Lisette aliishi peke yake mtaani Kibenga, na Jumapili nzima iliweza kupita bila yeye kusikia sauti ya mtu. Sasa akawa anakawia kazini. Aliueleza moyo habari za mvua na za majirani, nao ukamjibu kwa mapigo. Mchana mmoja alifunga maji ili moyo wa siku hiyo ufe kama mingine, lakini uliendelea kupiga, ukinukia ubani ambao hakuna aliyeuchoma, na alipouliza kwa kunong'ona kama ni Valéry, mapigo yalisimama kama mtu anayefikiria, kisha yakaanza tena polepole, pumzi baridi ikampita shingoni, naye akajua kwamba huyu si Valéry, na kwamba hata hivyo yeye mwenyewe, Lisette, hataki kuondoka.

Sumaya alimkuta hivyo. Kesho yake akamleta mjomba wake, maalimu Mohamadi.

Mzee alisoma Kurani mpaka jasho likamtoka. Mapigo yakapungua.

"Ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Iko peke yake, ilitafuta mutu wa kuzungumuza naye. Itatoka. Lakini ni we ulimukaribisha, mama. Umwambie aende."

"Na asipomwambia?" Sumaya akauliza.

"Itaacha hii moyo, itaingia mu moyo yake."

Lisette aliutazama mstari. Ulikuwa umeinama, ukimngoja.

"Madamu, sema tu," Sumaya alimsihi. "Mi naogopa."

Lisette alivuta kiti, akaketi karibu na kioo.

"Mufunge mulango mukitoka," akasema.

Kwenye skrini mstari ulinyooka, ukabaki umenyooka. Lisette akaweka kiganja kifuani mwake, akasikiliza.