Nani Alikata Waya wa Florence?

"Shuka, Ogutu! Shuka hapo juu ya bati unieleze kwa nini umekata waya wangu!"

"Waya gani, Mama Aol? Mimi naziba tundu. Mvua ya jana imelala na sisi kitandani."

"Na hiyo koleo mkononi? Tundu linazibwa kwa koleo?"

"Sasa misumari ya zamani niing'oe kwa meno?"

Watu wa uani walicheka. Hapa kwetu Nateete, vyumba vya kupanga vimepangana kwenye mstari mmoja, na mtu akigombana, sisi sote tunasikia. Lakini Florence hakucheka.

Florence ni mjane wa mwanajeshi. Ni karani wa chama cha wajane, na ofisi ya chama ni chumba cha mwisho kwenye mstari wetu. Ndani kuna kompyuta mbili za kazi. Waya wa intaneti unatoka kwenye nguzo, unapita juu ya bati la Ogutu, halafu unaingia ofisini.

Siku hiyo ilikuwa siku ya mwisho. Shule moja ya bweni ilikuwa imetoa nafasi kwa watoto wa wajane. Majina arobaini na mawili, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, yalitakiwa kuingizwa kwenye ukurasa wa shule kabla ya saa kumi na moja jioni. Yakichelewa, nafasi wanapewa wengine. Jina la kumi na tisa lilikuwa la Aol, binti wa Florence.

Saa sita Ogutu alipanda juu ya bati. Saa saba intaneti ya ofisi ikafa. Sasa ilikuwa saa tisa.

Mara mlango wa Ogutu ukafunguka. Akatoka Dolphine, mkewe, simu mkononi. Simu ilikuwa inaimba nyimbo za kanisa.

"Mama Aol," alisema Dolphine, "simu hii inatumia waifai ya ofisi yako. Wewe mwenyewe ulinipa neno la siri. Kama mume wangu amekata waya, inaimbaje?"

"Kumbe!" Florence alipiga makofi. "Mmejiunganishia! Mmenifungia mimi, ninyi mnaimba! Banange, jamani, hawa watu wameingia kwenye kompyuta zangu! Wameona majina ya watoto wetu!"

Uani vicheko vikakatika. Maneno hayo si ya mchezo.

Florence alikuwa ameshampigia simu mdogo wake, Olal. Olal ni polisi. Nusu saa baadaye alifika na pikipiki, akiwa na sare, na pingu zimening'inia kiunoni.

"Wewe ndiye Ogutu? Kaa hapo. Kitambulisho kiko wapi?"

Ogutu alishuka, akakaa kwenye stuli mlangoni mwa ofisi. Yeye ni Mkenya, anauza viatu vya mitumba soko la Owino. Karatasi zake za kukaa Uganda zilikuwa zimeisha muda wiki mbili nyuma. Hakumwambia mtu, lakini Dolphine alijua. Dolphine alizima nyimbo.

"Afande," alisema kwa sauti ndogo, "muulizeni kwanza Nanyama. Leo yuko nyumbani."

Nanyama anakaa chumba cha tatu. Kazi yake ni kutengeneza mitandao ya kompyuta kwenye maofisi ya Nakasero. Alikuwa anafua. Alikuja na povu kwenye viwiko.

"Dada Florence, kompyuta inasemaje?"

"Inasema haiuoni ukurasa wa shule. Barua pepe pia haifunguki. Nimezima, nimewasha. Nimechomoa, nimechomeka. Nimesali."

"Kwa nini hukutumia kafe ya intaneti?"

"Naogopa kuweka flash. Kama kuna mwizi ndani, atahamia kwenye flash."

Nanyama alitazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika tano.

"Kale, sawa. Nipe dakika ishirini na tano. Nikishindwa, tunabeba flash tunakimbia kafe, mwizi au bila mwizi."

Olal aliweka mkono kwenye bega la Ogutu. "Fundi, ukishindwa, huyu naondoka naye."

Sisi tulisogea mlangoni.

Nanyama aliuliza kwanza, "Ni kompyuta moja imekataa, au zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na simu ya Dolphine inapata. Weka hilo kichwani."

Alitazama ruta, kile kiboksi kinachogawa intaneti. Taa zake zilikuwa za kijani. Kisha akafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta. Aliandika neno *ping*, halafu namba ya ruta. Neno hilo ni kama kubisha hodi. Mwenyewe akiwepo, anajibu.

Ruta ilijibu.

"Waya wa humu ndani ni mzima," alisema. "Sasa nabisha nje, mbali kabisa. Lakini nabisha kwa namba, sio kwa jina."

Alibonyeza. Florence alifumba macho. Mistari minne ikatokea kwenye kioo.

"Nje wamejibu. Afande, huo waya haujakatwa. Ungekatwa, nisingejibiwa na mtu."

Ogutu alivuta pumzi. Mkono wa Olal haukuondoka begani.

"Labda aliukata, akaunga tena," alisema Olal.

Nanyama aliinamia kompyuta. Aliandika *ping* mara ya tatu, safari hii kwa jina la ukurasa wa shule. Kompyuta ilikaa kimya. Kisha ikasema haimjui mtu wa jina hilo.

"Hapo!" alisema Nanyama. "Kwa namba inafika. Kwa jina inapotea. Sio waya, ni majina."

"Mwanangu, sikuelewi," alisema Florence. "Saa inakwenda."

"Dada, ukiita boda pale steji, unamwambia nini?"

"Nipeleke ofisi ya wajane."

"Kijana mgeni haijui ofisi ya wajane. Anafanyaje?"

"Anamuuliza mwenyekiti wa steji."

"Sawasawa. Mwenyekiti anamwambia, geuka kwenye kinu, mlango wa nane. Sasa mwenyekiti akiwa amelala? Boda ina mafuta. Barabara iko wazi. Lakini kijana haendi popote. Kompyuta ni hivyo hivyo. Sisi tunaandika majina, yenyewe inakwenda kwa namba. Lazima kuwe na mashine ya kuijibu jina hili lina namba gani. Yako imenyamaza."

"Mbona asubuhi nilifungua barua pepe?"

"Kijana aliyekuja jana anakumbuka njia. Kompyuta pia inakumbuka kwa muda. Muda ukiisha, lazima iulize tena. Saa saba ndipo iliposahau."

Saa kumi na dakika ishirini. Nanyama aliiambia kompyuta imwonyeshe inamuuliza nani majina. Ikatoa namba iliyoishia na kumi. Akaibishia hodi namba hiyo.

Kimya. Akabisha tena. Kimya.

"Huyu ndiye amelala. Simu ya Dolphine inaiuliza ruta, ndiyo maana inaimba. Kompyuta zako mtu alizipangia kumuuliza huyu. Dada Florence, kuna mashine nyingine humu?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri."

Florence aligeuka polepole. Kwenye kona, chini ya kitambaa cha kufuma chenye maua, kulikuwa na kitu. Juu ya kitambaa kulikuwa na chupa ya maua ya plastiki.

"Ile?" alisema. "Ile ya zamani? Hakuna mtu anakaa pale. Inanguruma mchana kutwa. Inakula umeme wa Yaka bure. Leo saa mbili asubuhi niliizima, nikaifunika ipendeze."

Uani hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu amewahi kuzima kitu ili umeme wa kulipia kabla usiishe.

Nanyama aliondoa maua na kitambaa. Ubavuni mwa ile kompyuta ya zamani kulikuwa na karatasi iliyofifia, imeandikwa namba inayoishia na kumi. Fundi wa zamani aliiweka mashine ile ijibu majina ya ofisi nzima. Alihama, hakumwambia mtu.

Nanyama alibonyeza kitufe. Mashine ilipiga mlio mmoja, ikanyamaza. Kioo kilikuwa cheusi.

"Imekufa?" Florence alinong'ona.

"Ni mzee. Ngoja."

Dakika moja. Dakika tatu. Olal alianza kuzichomoa pingu kiunoni, na Dolphine akamshika mumewe mkono. Ndipo mashine ikaguna, ikaanza kunguruma. Nanyama akabisha hodi. Ikajibu.

Kwenye kompyuta ya kazi, Nanyama aliandika amri ya kufuta kumbukumbu za zamani, ili iulize upya. Kisha akaandika jina la shule.

Ukurasa ukafunguka.

"Kaa, dada. Tuma."

Florence alikaa. Vidole vyake vilikosea mara mbili. Jina la kwanza, la pili, la kumi na tisa. Vyeti vilipanda polepole, kama mzee kwenye ngazi. Saa kumi na dakika hamsini na mbili, kioo kiliandika: Tumepokea majina 42.

Florence aliweka kichwa mezani akalia.

Olal aliondoa mkono begani mwa Ogutu. Alivaa kofia, akasema ana zamu, akaondoka bila kumtazama mtu usoni.

Nanyama hakuondoka. Alizipa kompyuta zote mbili mjibu wa pili, ambaye ni ruta, ili wa kwanza akilala, wa pili aitike. Akamwambia Florence achukue kalamu nene aandike kwenye karatasi: USIZIME. HUJIBU MAJINA. Wakaibandika kwenye mashine ya kona. Nyingine wakaibandika ukutani, yenye namba ya kila mashine na kazi yake.

"Siku nyingine," alisema Nanyama, "kabla hujamshika mtu, uliza. Nani amekosa, nani anapata? Taa zinawaka? Ukibisha kwa namba unajibiwa? Kwa jina je? Na leo tumegusa nini humu ndani? Hilo la mwisho watu hulisahau."

Miezi miwili baadaye mashine ya kona ilikufa kabisa. Kurasa zilichelewa kidogo, zikafunguka. Florence alisoma karatasi ya ukutani, akampigia Nanyama simu, akaendelea na kazi. Hakuna aliyegombana na mtu.

Lakini jioni ile ya majina, kazi moja ilikuwa bado. Florence alifunga ofisi. Alipita mlango wa chumba chake mwenyewe, akaenda mpaka kwa Ogutu. Kutoka hapo hadi pale ni hatua kumi, na tulimwona akisimama mara tatu njiani. Saa ya shule haikumtisha kama mlango ule.

Alibisha. Ndani waliacha kuongea.

Dolphine alifungua. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma yake Ogutu alikuwa amekaa mbele ya sinia ya ugali na omena, hajagusa kitu.

"Shemeji Ogutu," alisema Florence, "nilikuitia polisi kwa kosa langu mwenyewe. Nimekuaibisha mbele ya watu wote hawa. Sina la kujitetea. Nisameheni."

Ogutu alitazama sinia. Sisi wa uani tukaanza kutazama chini.

"Niliogopa, Mama Aol," alisema. "Niliogopa sana."

"Najua. Na mimi niliogopa. Uoga wangu nikautupia kwako."

Ogutu alisogea kwenye mkeka, pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Dolphine akachukua birika la maji na beseni.

"Usisimame hapo mlangoni kama polisi," alisema. "Vua viatu. Ingia ule."